Hongo ya Kopo la Nyigu

Watu wanaonifahamu husema nina hasira za karibu. Sikatai. Hasira zangu zimenipotezea marafiki wawili na kiatu kimoja, na mara moja nusura zimpotezee baba yangu nyuki wake wote. Hii ya nyuki ndiyo nitakayoieleza, maana humo nilikosea mimi, akakosea baba, akakosea na Mgogo mmoja wa stesheni, na makosa ya watu watatu yakazaa jambo ambalo Serikali ilikuja kulisifu kwa barua.

Waingereza walikuwa bado wanatutawala. Mimi nilikuwa mlinzi wa msitu wa mikaratusi karibu na Igalula, stesheni iliyo mashariki ya Tabora. Kwa macho ya watu wa kwetu ule haukuwa msitu hata kidogo. Msitu kwetu ni miombo, mahali mtu anaingia kutafuta mzizi wa dawa na kutoka na asali. Hii mikaratusi ilipandwa kwa mistari iliyonyooka, kila mti na nafasi yake, ili siku moja ikatwe iwe kuni za gari moshi. Kazi yangu ilikuwa kuzuia mbuzi, moto, na akina mama wenye mapanga. Nilipewa kofia, kaptula ya kaki, na mamlaka ambayo akina mama wale hawakuwahi kuyaona.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Ndiyo kazi aliyoijua tangu utoto, na ndiyo iliyotulisha sisi sote. Miti ile ilipopandwa aliicheka mwaka mzima. Alisema haina kivuli, haina tunda, na hata mzimu haukubali kukaa humo. Kisha ikachanua wakati miombo haina ua hata moja, nyuki wake wakaifuata, asali ikajaa, naye akaacha kucheka bila kutangaza. Mizinga yake ya magome akaihamisha mmoja mmoja, akaitundika yote kwenye miombo iliyopakana na mikaratusi. Nilipomuuliza, alisema pale pana upepo mzuri.

Ndipo akaingia fukusi. Si yule wa mahindi ghalani, ingawa ni ukoo mmoja na ana mdomo ule ule mrefu. Huyu alikuwa mnene kama punje ya haragwe, na alitoka nchi ile ile ya mbali ilikotoka mikaratusi yenyewe. Miti ilitangulia, fukusi akafika baadaye, naye alipofika alikuta meza imeandaliwa na hakuna wa kumwuliza. Ndege wetu walimwonja wakamwacha. Funza wake walikuwa na utelezi, wa rangi ya manjano, kila mmoja akiburuta uzi wa mavi yake mwenyewe nyuma. Katika miezi michache ncha za miti zikabaki vijiti.

Bwana Misitu, Mwingereza mrefu aliyekuja kutoka Tabora kila mwezi, alitazama vijiti vile, akavua kofia na kuivaa tena. Akanieleza jambo kwa utulivu, nami nikamsikiliza kwa makini.

"Tuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza, kuna nyigu mdogo sana. Kule fukusi alikotoka, nyigu huyu ndiye adui yake. Anatafuta mayai ya fukusi kwenye jani, anatoboa, anataga yai lake ndani. Mtoto wa nyigu anakula yai la fukusi. Fukusi hazaliwi. Nimeomba waletwe."

"Na ya pili, Bwana?"

"Sumu ya unga. Tutainyunyiza msitu wote."

Nikamwuliza sumu ile itajuaje kumpata fukusi na kumwacha nyuki. Akasema haitajua. Nyuki atakayetua kwenye ua lenye unga atakufa, na atakayerudi mzingani ataua wenzake. Alisema ameliona kwa macho yake mahali pengine na halikumfurahisha. Lakini kuni za reli zilikuwa amri kutoka juu, na kama nyigu hawatakuwa wamefanya kazi hadi mvua zitakapokwisha, pipa la sumu litakuja kwa gari moshi.

Nilikwenda nyumbani kumwambia baba. Alikuwa anasuka kamba ya mzinga. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Huyo nyigu anauma?"

"Haumi, Baba. Ni mdogo kuliko kiroboto. Hata kuonekana haonekani vizuri."

"Nyigu asiyeuma na asiyeonekana," alisema baba. "Basi nyuki wangu wamewekwa mikononi mwa hewa."

Usiku ule, mama aliniambia baadaye, baba hakula.

Habari za nyigu wa Serikali zilienea upesi kuliko nilivyotaka. Katika mtaa wa wachuuzi pale stesheni, fundi cherehani mmoja wa mjini, mzee wa Kiislamu mwenye heshima zake, alianza kufunga madirisha mchana kweupe. Wanawake waliokuwa wakiniibia kuni waliacha kuja kwa wiki mbili. Kwa hiyo nyigu walifanya kazi kabla hawajafika, na mimi sikuona sababu ya kuwasahihisha watu.

Mzigo ulifika asubuhi moja ya mvua. Ulitoka Kenya, ukavuka ziwa kwa meli, ukateremka reli kutoka Mwanza hadi Tabora, kisha ukapandishwa gari la kuja kwetu. Lilikuwa sanduku dogo la mbao lenye matundu, na ndani makopo mawili. Ndani ya kila kopo mlikuwa na vipande vya majani, na juu ya majani mayai ya fukusi yaliyokwisha kutobolewa na nyigu. Maelekezo ya Bwana Misitu yalikuwa mafupi: yawekwe kivulini, yasiguswe, yeye atafika kesho kuyafungua.

Mpokea mizigo wa stesheni alikuwa Mgogo. Msomaji asiye wa huku inabidi aelezwe kidogo. Zamani, wakati mizigo yote ya kwenda pwani ilibebwa kwa mabega, wapagazi wa Kinyamwezi walipita Ugogo, na Wagogo waliwatoza hongo, yaani ushuru, kwa njia na kwa maji ya visima vyao. Waligombana sana, wakazikana sana, na mwishowe ugomvi ukageuka utani. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kuchukua mzigo wako na kudai fidia, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa, na faini inapanda.

Sasa hebu fikiria mtu mwenye hasira kama zangu kuzaliwa Mnyamwezi na kupangiwa kazi karibu na stesheni yenye Mgogo.

"Mnyamwezi," aliniita, amelikalia sanduku langu. "Mzigo wa nani huu?"

"Wa Serikali. Nipe."

"Serikali ipi hiyo inayopitisha mzigo bila hongo? Babu zako walilipa kwetu kitambaa na shanga kwa kila mzigo. Wewe unataka kupita bure, kwa sababu umevaa kaptula?"

Nilimwambia kwa upole kwamba ni wadudu, wana haraka. Akafungua sanduku, akatoa kopo moja, akanipa, na lile la pili akalikumbatia. Kopo la kwanza alisema ni haki ya Serikali. La pili ni haki ya Ugogo, na litakombolewa kwa jogoo mmoja.

Mtu mwenye akili angecheka. Mimi nilipiga teke ndoo ya maji ya stesheni. Nikasema maneno juu ya Wagogo ambayo si ya utani, kwa sauti ambayo si ya utani. Abiria waliokuwa wakingoja gari walifurahi mno. "Amekasirika," walisema, mmoja baada ya mwingine, kama mashahidi mahakamani. Mgogo alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Jogoo wawili," alisema.

Basi ikanibidi nitafute jogoo wawili. Nilipita nyumbani, nikaliweka kopo la kwanza kwenye uvungu wa ghala, mahali pa baridi, nikamwambia baba asiliguse. Hapo ndipo nilipokosea. Nilisema "usiliguse" kwa hasira nilizotoka nazo stesheni, na sikusema kwa nini. Baba hakuwa mtu wa kuamriwa na mwanawe. Lakini hakuligusa kwa ukaidi. Aliligusa kwa upendo, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Kwa baba, kila kiumbe kinachoruka na kukaa kwa makundi kina desturi moja. Hukiendei mikono mitupu. Unabisha hodi kwa moshi, moshi wa polepole, wa majani mabichi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, huku unazungumza kwa sauti ya chini. Mdudu asiyepigiwa hodi hutoka na uchungu, na mwenye uchungu hafanyi kazi. Nyigu hawa walikuwa wamesafiri kwa gari moshi, meli, na gari moshi tena. Walikuwa wageni. Na nyuki wake wote walikuwa wanawategemea. Baba alifikiri ni aibu wageni wa namna hiyo wapokelewe na mlinzi mwenye hasira.

Niliporudi jioni, na jogoo mmoja chini ya kila kwapa, nilimkuta amechuchumaa mbele ya kopo. Mfuniko ulikuwa umefunguliwa kidogo. Moshi ulikuwa unaingia upande mmoja wa mfuniko na kutokea upande wa pili. Alikuwa anawasemesha kwa Kinyamwezi, taratibu, akiwaeleza njia ya kufika kwenye mikaratusi na wapi pana kivuli.

"Wametulia sana," aliniambia. "Sijapata kuona wadudu wenye utulivu kama hawa."

Nilichungulia. Hakika walikuwa wametulia.

Sikuweza kumgombeza. Alikuwa na masizi usoni na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu. Nikaufunga mfuniko, nikasema asante Baba, nikachukua jogoo zangu na kukimbia stesheni nikakomboe kopo la pili, maana sasa matumaini yote yalikuwa humo.

Mgogo alipokea jogoo, akawapima uzito kwa mikono, akaniletea kopo. Lilikuwa safi. Lilikuwa linang'aa. Ndani yake mlikuwa na chai.

"Na vilivyokuwamo?" niliuliza.

"Hiyo ndiyo nilitaka kukuuliza mimi," alisema. "Nimelifungua nione utajiri wa Wanyamwezi. Nakuta vipande vya majani, na juu ya majani mavi ya mdudu. Nikasema, loo, mtani kanishinda. Kaniletea mavi kutoka Tabora nikayakalia siku nzima. Nimeyamwaga kule nyuma ya stesheni, kwenye mikaratusi iliyo karibu na tangi la maji. Sasa kopo ni zuri, limenisaidia."

Mayai ya fukusi, lazima niseme kwa haki, hufunikwa na mamaye kwa kinyesi cha kahawia. Mgogo hakukosea alichokiona.

Safari hii sikupiga teke kitu. Nilikaa chini. Aliponiona nimekaa chini na sisemi, aliogopa, akaninywesha ile chai.

Kesho yake Bwana Misitu alifika na gari lake la vumbi, kioo cha kukuzia mfukoni. Baba alivaa koti lake la kanisani akaja kushuhudia. Tuliingia hadi katikati ya msitu, Bwana Misitu akalifungua kopo kwa vidole viwili, akavifunga vile vipande vya majani kwenye matawi kwa uzi, kipande kwa kipande. Kisha akatazama kwa kioo, muda mrefu.

"Wako kimya," alisema. "Nadhani ni uchovu wa safari. Na kopo la pili?"

Hapa ndipo nilipoongeza kosa langu la pili. "Hilo nimeliachilia karibu na stesheni, Bwana," nilisema. "Kwa majaribio." Aliniangalia kwa mshangao, kisha kwa heshima, akaandika. Baba aliniangalia kwa namna nyingine.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa chupa. Kila wiki nilichuma majani yenye mayai ya fukusi pale tulipofunga vile vipande, nikayatia chupani, nikafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa chembamba, na kungoja. Wakitoka funza wa manjano, fukusi ameshinda. Wakitoka vijidudu vidogo mfano wa vumbi lenye mabawa, nyigu ameshinda. Chupa nilizipanga dirishani nyumbani kwa baba, kwa sababu hakunipa nafasi ya kuzipanga kwingine.

Wakatoka funza. Wiki ya kwanza funza, ya pili funza, na mwezi uliofuata funza. Baba aliamka kabla ya alfajiri kuzitazama. Mwanzoni alisema nyigu bado wanapumzika. Baadaye hakusema. Alianza kwenda kwenye mizinga yake mchana bila sababu, bila moshi, bila kamba, akakaa chini ya mti akiisikiliza. Mama alimpelekea ugali huko. Siku moja nilimfuata, nikamkuta anahesabu kwa vidole mizinga anayoweza kuihamishia mbali, na miombo yenyewe ikiwa hoi bila maua, na vidole havikutosha, naye mgongo wake haukuruhusu tena kupanda miti mipya. Aliponiona alificha mikono.

Nilimwambia pale pale. Nilimwambia moshi uliwaua nyigu. Sijui kwa nini niliona ni lazima ajue. Nadhani nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu. Baba alinitazama kama nimempiga, akauliza, "Wote?" Nikasema wote. Alisimama, akaenda kwenye mzinga wa karibu, akaweka kiganja juu ya gome, akasimama hivyo. Nilijichukia. Nilitamani kurudisha maneno yangu, lakini maneno hayarudi.

Mvua zikakatika. Pipa likafika.

Lilikuwa pipa jeusi la chuma, limeandikwa maneno mekundu, na Mgogo alilishusha yeye mwenyewe na kulikalia, kama alivyokalia kila kitu kilichopita stesheni ile. Nilikwenda kulipokea kwa niaba ya Serikali. Sikuwa na nguvu za utani.

"Mtani, una mafua?" aliniuliza. "Sura yako imevimba. Ngoja nikuchumie majani ujifukize."

Huku kwetu mtu mwenye mafua huchemsha majani ya mkaratusi, akajifunika blanketi juu ya chungu, akavuta mvuke. Mgogo alizunguka nyuma ya stesheni, akarudi na kifurushi cha majani mabichi, laini, ya ncha.

"Mwaka jana usingeweza kuchemsha haya," alisema kwa kujivuna. "Ukijifunika unavuta mvuke na funza. Nilikuwa nawatoa kwanza kwa kijiti. Lakini mikaratusi yangu mimi, tangu mvua zianze kupungua, haina funza hata mmoja. Nyie wataalamu mnaolipwa na Serikali, mmeshindwa. Mgogo asiye na kofia ameweza."

Niliyatazama yale majani. Yalikuwa mazima, ncha hadi kikonyo.

Nilikimbia hadi kwenye tangi la maji. Palikuwa na miti saba pale, na yote ilikuwa imevaa majani mapya. Nikatafuta mayai ya fukusi hadi nikayapata, machache, yale mabaka ya kahawia. Nikajaza chupa moja, mbili, nikakosa ya tatu, nikamnyang'anya Mgogo lile kopo lake la chai. Alisema nimevunja sheria ya utani, kwa kuwa jogoo wale walikomboa chai tu, na kopo likabaki lake. Nikamwambia anitoze baadaye.

Chupa zile zilikaa dirishani siku tisa. Bwana Misitu alikuwa amepangiwa kufika siku ya kumi. Baba hakutoka nyumbani. Siku ya nane, saa nne asubuhi, aliniita kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Mwanangu. Chupa yako imeingia vumbi."

Halikuwa vumbi. Lilikuwa linatembea. Likapanda kioo, likafika kwenye kitambaa, likashuka tena. Nilihesabu nikafika thelathini nikapotea, kwa sababu machozi na hesabu havipatani. Baba alishika chupa kwa mikono miwili, mbali na pumzi yake, na akauliza kama wanahitaji chochote. Nikamwambia wanahitaji asiwafukize. Akasema amesikia.

Bwana Misitu alipokuja tulimsubiri stesheni, mimi na baba, chupa mkononi, pipa nyuma yetu na Mgogo juu ya pipa. Nilimweleza yote. Teke, jogoo, moshi, chai, uongo wangu kuhusu majaribio. Sikuacha kitu, maana nilijua nikianza kuchagua nitapotea. Nilipofika kwenye moshi baba alinikatiza.

"Hapo niachie mimi," alisema. "Bwana, ni mimi niliyewaua. Niliwapokea kwa desturi ya nyuki. Sikujua kwamba wao hawana desturi."

Bwana Misitu alitoa kioo chake, akaitazama chupa hadi nikadhani amelala kwa kusimama. Kisha akazunguka nyuma, akaitazama ile miti saba, akachuma jani moja na kuliweka ndani ya daftari lake. Aliporudi, alimwuliza Mgogo alimwaga vipi vile vipande, kwa mkono au kwa kopo.

"Kwa kopo, Bwana," alisema Mgogo, amesimama wima sasa. "Nilivitupa tu."

"Vizuri sana," alisema Bwana Misitu, na akaandika. Barua iliyokuja baadaye kutoka kwa wakubwa wake ilisifu njia mpya ya kuwatawanya nyigu kwa kuwamwaga, bila kuwashika, kwenye kikundi kidogo cha miti karibu na maji. Nimeihifadhi. Wiki ile tulikata matawi ya stesheni tukayatundika msitu mzima, na pipa likapakiwa gari la kurudi Tabora likiwa limefungwa vile vile. Mimi nilipata karipio refu, la faragha, na nilistahili.

Mikaratusi haikupona kwa siku moja. Lakini ilianza kuvaa, na mwaka ule ilichanua, na nyuki walikuwepo wa kuyaona maua. Baba alirina asali nyingi kuliko nilivyowahi kuona. Siku ya kwanza alichukua sega zima, jeupe, lile ambalo kwa kawaida hupelekwa kwa padri, akaliweka kwenye bakuli, akalifunika kwa kitambaa cha mama, akaniambia nimsindikize stesheni.

Mgogo alituona tunakuja, akajiandaa. Baba yangu na yeye walikuwa wametukanana miaka mingi. Baba hakuwahi kupita pale bila kumwuliza kama watu wa kwao wamekwisha kupata maji ya kunawa, naye hakuwahi kushindwa kumjibu kwamba Mnyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani ndiyo maana hana shingo.

"Mpagazi huyo," alianza. "Leo umebeba nini?"

Baba hakujibu matusi. Aliweka bakuli juu ya meza ya mizigo, akalifunua. Kisha akavua kofia.

"Hii ni yako," alisema. "Si hongo, wala si utani. Nyuki wangu wako hai kwa sababu yako. Nimekuja kukushukuru."

Mgogo alilitazama lile sega. Alinitazama mimi, labda nimwoneshe mtego uko wapi. Akalisukuma bakuli kidogo kumrudishia baba.

"Mzee," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Usinifanyie hivyo. Nitukane."

Baba alitikisa kichwa.

"Nitukane, mzee wangu, nakuomba. Nitakupokeaje hivi? Mimi nilimwaga takataka."

Baba alisimama, kofia mkononi, akitafuta tusi. Niliona anatafuta kweli, na hapati. Hasira zangu zote za maisha zilikuwa bure siku ile. Nililia mbele ya abiria kama mtoto, na hakuna aliyenitoza faini. Baba akanyoosha mkono, akakata kipande cha sega, akamtia Mgogo mdomoni kama anavyolishwa mgonjwa.

"Tafuna," alimwambia. "Matusi nitakuletea kesho."